Shajara ya jedwali: Kiromania na Kiajemi

5 Januari

Jedwali limefunguliwa leo. Kazi ni kukusanya maneno na miundo inayofanana katika Kiromania na Kiajemi, kwa maelezo ya Kiswahili, na kila mstari uwe na jibu la swali moja: mfanano huu umetoka wapi? Kiromania nilikipata Bucharest nilipokuwa masomoni. Kiajemi bado nakisoma kwa mwendo wa kobe, nikisaidiwa na rafiki wa bwenini enzi zile, mzaliwa wa Shiraz huko Irani, ambaye hachoki kunirekodia sauti.

Kilichonisukuma ni kuchoka. Kila lugha hizi mbili zinapotajwa pamoja, mtu huchomoa maneno mawili matatu, "dușman" na "doshman" (adui), "doi" na "do" (mbili), "mersi" na "mersi" (asante), halafu anatangaza udugu. Maneno hayo yamefika kwa njia tatu zisizojuana. La kwanza lililetwa na Waturuki. La pili ni urithi wa maelfu ya miaka. La tatu ni Kifaransa kitupu, huku na huku.

Kwa hiyo safu yenye uzito kuliko zote kwenye lahajedwali ni ile niliyoiita "njia". Alama zake kwa sasa: U kwa urithi, T kwa Kituruki, S kwa Kislavi, F kwa Kifaransa, B kwa bahati. Nadhani B itajaa kuliko watu watakavyopenda.

Matamshi, mara moja tu: katika Kiromania "c" ikifuatwa na e au i husomwa ch kama ya "chai", lakini "ch" yao husomwa k. "Ș" ni sh, "ț" ni ts. Kiajemi nakiandika kwa herufi za Kilatini. "Â" ni a ndefu inayotamkwa mdomo ukiwa duara, na "kh" ni ile ya "kheri" wanavyoitamka watu wa pwani.

11 Januari

Nimeanza na namba kwa sababu namba hazina porojo. Kiromania: unu, doi, trei, patru, cinci, șase, șapte, opt, nouă, zece. Kiajemi: yek, do, se, chahâr, panj, shesh, haft, hasht, noh, dah.

Mbili, sita na tisa zinajionyesha zenyewe. Zenye mafunzo ni zile zilizojificha. "Șapte" na "haft" ni neno moja la kale: Kilatini kilisema "septem", ila tawi la Kiirani, ambamo Kiajemi kimo, liligeuza s ya mwanzoni kuwa h. Mageuzi hayohayo ndiyo yaliyofanya mto Sindhu uwe Hindu midomoni mwa Waajemi, na jina hilo likaenea hadi likafika kwetu kama Bara Hindi. "Cinci" na "panj" ni kazi zaidi. Neno la awali lilianza na p. Kiajemi kikaitunza, Kilatini kikaifananisha na sauti iliyokuja mbele yake kikapata "quinque", Kiromania nacho kikailainisha hadi ikawa "chinch". Mwenye sikio peke yake hawezi kuligundua hili, na ndiyo maana siamini orodha zinazotengenezwa kwa sikio.

Zimepata U zote, kumi kwa kumi. Nimeongeza "săptămână" na "hafte", yaani juma: kila lugha imelijenga neno lake juu ya saba yake yenyewe.

Kuanzia kumi na moja wanaachana. Kiajemi hubandika tu, "davâzdah" ni mbili-kumi. Kiromania husema "doisprezece", mbili juu ya kumi, muundo ambao majirani wake Waslavi wanao na Kilatini hakikuwa nao.

20 Januari

Urithi unaendelea. Mistari iliyoingia: "nume" na "nâm" (jina), "nou" na "now" (mpya), "dinte" na "dandân" (jino), "stea" na "setâre" (nyota), "genunchi" na "zânu" (goti), "frate" na "barâdar" (kaka), "a da" na "dâdan" (kutoa, kupa), "este" na "ast" (ni), "tu" na "to" (wewe), "nu" na "na" (hapana). Hata "soră" na "khâhar" (dada) ni neno moja, ingawa ukimwambia mtu atadhani unamtania.

Mstari ninaoupenda ni "ce" na "che". Yote mawili yana maana ya "nini", na yanatamkwa karibu sawasawa: che. Hapa ndipo mtu wa haraka huandika "sawa kabisa" akaenda zake. Lakini Kiromania kilipata ch yake kwa kulainisha "quid" ya Kilatini, na Kiajemi kilikuwa kimekwisha kulainisha ya kwake karne nyingi kabla, huko Irani, bila habari yoyote ya Roma. Shina ni moja, safari ni mbili, na zimetua kwenye silabi ileile. Kwa hiyo ni U kwa asili na B kwa sura. Nimeandika "U/B", na nimeiachia lahajedwali ilalamike.

Udugu huu si ugunduzi wa juzi. Tarehe 2 Februari 1786, mjini Calcutta, jaji Mwingereza William Jones aliwaambia wenzake kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini vimetoka kwenye chanzo kimoja ambacho pengine hakipo tena, na kwamba Kiajemi cha kale kinaweza kuongezwa katika ukoo huo. Jones alikuwa mtu wa Kiajemi kabla ya kuwa mtu wa Kisanskriti. Mwaka 1816 mwanaisimu Mjerumani Franz Bopp akaanza kuupima ukoo huo kwa vitenzi, kiambishi kwa kiambishi. Kwa hiyo swali la kama Kiromania na Kiajemi ni ndugu lina jibu la zamani: ndiyo, kama vile Kiingereza na Kibengali ni ndugu. Jibu hilo halinisaidii sana, kwa sababu mifanano inayowashangaza watu kwa kawaida si hii.

3 Februari

Leo nimefungua mlango wa Kituruki, na hapa kazi imenoga.

Wallachia na Moldavia, nchi mbili zilizokuja kuungana kuwa Romania, zilikaa chini ya kivuli cha dola ya Osmani kuanzia karne ya 15 hadi uhuru wa 1877–1878. Hata waraka wa kale kabisa wa Kiromania wenye tarehe inayojulikana, barua ya Neacșu wa Câmpulung ya mwaka 1521, ulikuwa wa kumtahadharisha kiongozi wa mji wa Brașov kuhusu nyendo za Waturuki kwenye mto Danube. Kisha likaja kipindi cha Wafanarioti, Wagiriki wa Istanbul waliowekwa na Sultani kutawala Moldavia tangu 1711 na Wallachia tangu 1716, hadi 1821. Mavazi, vyakula, vyeo na fanicha za baraza zilivaa majina ya Kituruki. Na Kituruki cha wakati huo kilikuwa kimejaa Kiajemi hadi shingoni, kwa sababu Kiajemi kilikuwa lugha ya adabu na ushairi kwa Waosmani.

Hivyo Mromania aliyedhani anakopa kwa Mturuki alikuwa mara nyingi anamkopa Mwajemi bila kumjua. Mistari ya leo: "dușman" (adui) kutoka "doshman", "perdea" (pazia) kutoka "parde", "lalea" (tulipu) kutoka "lâle", "nufăr" (yungiyungi) kutoka "nilufar", "hambar" (ghala la nafaka) kutoka "anbâr", "chior" (chongo) kutoka "kur", kipofu, "cearșaf" (shuka) kutoka "châdor-shab", kitambaa cha usiku, "cioban" (mchungaji) kutoka "chupân", "cerdac" (baraza ya nyumba) kutoka "chârtâq".

Kikwazo ni kamusi. Kamusi kubwa ya kufafanua Kiromania, maarufu kama DEX, ukiitafuta asili ya "perdea" inakuambia imetoka Kituruki, basi. Haidanganyi, ila inasimama kituo cha mwisho cha basi na kusahau safari yote ya kabla. Kila neno nalazimika kulivusha: DEX, kisha kamusi ya Kituruki, kisha ya Kiajemi. Aliyeifanya kazi hii kwa ukubwa wake ni Lazăr Șăineanu, aliyechapisha mwaka 1900 utafiti mpana juu ya athari za mashariki katika Kiromania. Alikuwa Myahudi, akanyimwa uraia wa nchi ambayo lugha yake aliijua kuliko wengi waliompinga, akahamia Paris mwaka uliofuata. Nataja kwa sababu wengi wanaotumia matokeo yake hawamtaji.

Mstari wa siku: "murdar", yaani mchafu. Umetoka Kiajemi "mordâr", mzoga, wenye shina la "mordan", kufa. Shina hilo ndilo la Kilatini "mori", lililozaa Kiromania "a muri" (kufa) na "mort" (mfu). Kwa maneno mengine Mromania anayesema "mort" na "murdar" katika sentensi moja anatumia shina moja mara mbili: mara ya kwanza kwa urithi, mara ya pili kwa mkopo uliozunguka Irani na Uturuki. Nimeuwekea rangi ya njano.

10 Februari

Rafiki yangu wa Shiraz aliniuliza swali la haki: nitajuaje kwamba neno limepitia Kituruki, na halikuruka tu moja kwa moja kutoka kwao? Jibu liko kwenye makovu.

Kovu la kwanza ni la sauti. Supu kwa Kiajemi ni "shurbâ", kwa sh. Waturuki waliigeuza "çorba", kwa ch, na Waromania wanasema "ciorbă", kwa ch hiyohiyo. Zanzibar tunasema "shurba", kwa sh, kwa sababu sisi tulipata yetu kwa Waarabu. Mboga kwa Kiajemi ni "sabzavât". Waturuki waliikoroga ikawa "zerzevat", na sokoni Bucharest utaagiza "zarzavat", yenye mkorogo uleule.

Kovu la pili ni la maana, na ndilo zito zaidi. "Mosâfer" kwa Kiajemi ni msafiri, kama ilivyo kwetu. Kwa Kituruki "misafir" ni mgeni anayekuja nyumbani, na kwa Kiromania "musafir" ni mgeni vilevile. Mwajemi akitaka kusema mgeni anasema "mehmân". Maana ilihama Uturuki, na Kiromania kikaichukua ilivyohama.

Kisha "bacșiș". Hotelini Romania ni ile hela unayomwachia mhudumu, sawa na bakshishi yetu. Neno ni la Kiajemi, "bakhshesh", lakini Mwajemi wa leo akilitamka anafikiria msamaha na ukarimu. Hela ya mhudumu kwake ni "an'âm". Rafiki yangu alicheka aliposikia kwamba Dar es Salaam na Bucharest wanaelewana kwa neno la kwao ambalo yeye mwenyewe hangelitumia hivyo.

"Divan" imenichukua jioni nzima. Kwa Kiajemi ni baraza la dola na pia mkusanyo wa mashairi. Katika Wallachia na Moldavia lilikuwa baraza la mtawala, na mabaraza maalumu ya 1857 yaliyodai muungano wa nchi hizo mbili yaliitwa kwa jina hilo. Leo kwa Mromania wa kawaida ni kochi. Sisi tumeligawa: diwani wa kata na diwani ya mashairi. Sijui lugha nyingine iliyomtoa neno hilo kiti na kumpa kura.

Uamuzi wa leo: naongeza safu ya "chimbuko", kwa sababu "musafir" na mengine kama "habar" na "mahala" ni ya Kiarabu kabla ya kuwa ya Kiajemi. Njia ni T, chimbuko ni Kiarabu. Bila safu hiyo ningekuwa nawapa Waajemi mali isiyo yao. "Mahala", kwa njia, ni mtaa wa uswahilini kwa Mromania, na hulisema kwa kubetua mdomo. Maneno mengi ya Kituruki yalipata ladha hiyo ya kejeli baada ya karne ya 19, wasomi walipogeukia Paris. Kwa Mwajemi "mahalle" ni mtaa tu, na sisi "mahala" ni popote.

Na "habar". Mromania asiyejua kitu husema "habar n-am". Mwajemi husema "khabar nadâram". Mswahili husema "sina habari". Miji mitatu, jibu moja.

18 Februari

Kislavi, kwa ufupi. Mia kwa Kiromania ni "sută", kwa Kiajemi ni "sad". Wanafunzi wa isimu hufundishwa kuzigawa lugha za ukoo huu kwa neno hili hili: zilizobaki na sauti ya k, kama Kilatini "centum", na zilizoigeuza kuwa s, kama za Kiirani na Kislavi. Kiromania ni mtoto wa Kilatini, lakini mia yake, kwa maoni yanayokubalika zaidi, ni ya Waslavi. Ndiyo maana inafanana na ya Waajemi. Alama S.

"Topor" na "tabar", shoka: Kiromania kililitoa kwa Waslavi, nao walilitoa kwa watu wa Kiirani wa zamani. S tena.

19 Februari

Kifaransa hakihitaji siku mbili. Karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, Bucharest na Tehran zote zilikuwa zikitazama Paris. Matokeo: "mersi" na "mersi", "cadou" na "kâdo" (zawadi), "abajur" na "âbâzhur" (kivuli cha taa), "ascensor" na "âsânsor" (lifti), "cravată" na "kerâvât" (tai), "mantou" na "mânto" (koti la kike). Mtu anayetaka kumshangaza Mwajemi kwa Kiromania na aanze na hizi, lakini ajue kwamba anamwonyesha Ufaransa.

Kinachonichekesha ni "pijama" na "pizhâme". Vazi lilitoka Kiajemi "pây-jâme", nguo ya miguu, likaenda India, likachukuliwa na Waingereza, likafika Ufaransa, na kutoka hapo likarudi Irani na sura ya kizungu.

2 Machi

Maneno yametosha kwa sasa. Nahamia kwenye miundo, na alama mpya: M kwa muundo.

Wakati ujao. Kiromania rasmi: "voi merge", nitakwenda, hiyo "voi" ilikuwa kitenzi cha kutaka. Kiajemi rasmi: "khâham raft", nitakwenda, hiyo "khâham" ni kutaka waziwazi. Mashina hayahusiani, wazo ni moja. Nilitaka kuandika kwamba huu ni ushahidi wa kitu kikubwa, mpaka nilipomtazama Mswahili kwenye kioo. "Ta" yetu ya "nitakwenda" ni "taka" iliyokatwa mkia, na mkia unarudi ukisema "atakayekuja". Wagiriki na Wabulgaria nao wamefanya vivyo hivyo. Binadamu anayetaka jambo analiona tayari liko mbele yake, basi. Kwa hiyo M, na katika safu ya njia naandika "kila mmoja kivyake".

Kuonyesha mtendwa. Hapa Mswahili anawaelewa wote wawili kuliko wanavyoelewana. Kiajemi: "ketâb kharidam" ni nilinunua kitabu, kitabu chochote, "ketâb râ kharidam" ni nilikinunua kitabu, kile tunachokijua. Hiyo "râ" inafanya kazi ya "ki" yetu. Kiromania hakijali kitabu; kinajali mtu. "Am văzut-o pe Maria": nilimwona Maria, ambapo "pe" inatangaza kwamba anayefuata ni mtendwa mwenye utu, na "o" inamrudia kama "m" yetu inavyomtangulia. Sentensi "niliona Maria" inavyotuchoma masikio ndivyo "am văzut Maria" inavyomchoma Mromania.

Nimemwandikia mwalimu wangu wa zamani wa sarufi kumweleza kwamba yambwa ya Kiswahili imegawanywa nusu kwa nusu kati ya Bucharest na Tehran. Amejibu: "Andika vizuri, mwanangu, usije ukaongopea watu kwamba ni ndugu zetu." Sawa, Mwalimu.

9 Machi

Nataka niende. Kifaransa, binamu wa Kiromania, husema "nataka kwenda", kwa kitenzi jina. Kiromania cha kila siku husema "vreau să merg", nataka niende. Kiajemi husema "mikhâham beravam", nataka niende. Sisi tuna zote mbili, ila "nataka niende" kwetu ina ladha yake.

Kwa Kiromania chanzo kinajulikana vizuri: ni tabia ya Balkani. Kigiriki, Kibulgaria, Kialbania na Kiromania vimeishi pamoja karne nyingi na kuambukizana, na kukimbia kitenzi jina ni moja ya dalili za ambukizo hilo. Irani haikuwa kwenye chumba hicho. Kiajemi cha zamani kilitumia kitenzi jina zaidi, kisha kikakiacha mahali hapa, na mabaki yake yamo katika hiyo "khâham raft" ya juu, ambamo "raft" ni kitenzi jina kilichofupishwa. Njia mbili tena.

Majina ya jamaa pia yamenipa mstari: "mamă-sa" ni mamake, "mâdaresh" ni mamake. Mmiliki anabandikwa nyuma, kama kwetu.

16 Machi

Siwezi kuliacha swali la Wadacia, kwa sababu ndilo linaloulizwa kwa sauti kubwa. Hoja inakwenda hivi: kabla ya Warumi, eneo la Romania lilikaliwa na Wadacia, jirani zao walikuwa Wasarmatia, watu wa lugha ya Kiirani, kwa hiyo Kiromania kina damu ya Kiajemi.

Sehemu ya ujirani ni kweli tupu. Trajan, kaisari wa Roma, alipoivamia Dacia katika vita vya 101–102 na 105–106, wapanda farasi wa Kisarmatia walikuwa upande wa Wadacia, na bado unaweza kuwaona Roma kwenye nguzo ya Trajan, wao na farasi wao wamevaa magamba ya chuma. Karibu karne moja kabla yake, mshairi Ovid alifukuzwa Roma mwaka 8 BK akapelekwa Tomis, ambayo leo ni Constanța, bandari ya Romania. Aliandika kwa uchungu kwamba amejifunza kusema Kigeti, lugha ya jamaa wa Wadacia, na Kisarmatia. Kwa hiyo lugha ya Kiirani ilisikika pwani ya Romania miaka 2000 iliyopita, na shahidi ni mshairi wa Kilatini. Kwenye majina ya mito ya ukanda huo, Don, Nipru na Nistru, wanaisimu wengi huona neno la Kiirani la mto. Kwa Kiosetia, mjukuu wa lugha za jamii ya Wasarmatia, "don" ni maji hadi leo.

Baada ya hapo hoja inakatika. Kisarmatia ni cha tawi la mashariki la Kiirani, na Kiajemi ni cha magharibi. Hata kama Kiromania kingejaa Kisarmatia, kingefanana na Kiosetia. Wala hakikujaa. Maneno ya Kiromania yanayodhaniwa kuwa ya kabla ya Warumi hupata wenzao Albania: "mazăre" (njegere) na "modhull", "viezure" (melesi) na "vjedull". Dacia ilikuwa mkoa wa Roma tangu 106 hadi Kaisari Aurelian alipoondoa jeshi miaka ya 270, na kilichobaki midomoni mwa watu ni Kilatini.

Najua wapo watakaokasirika. Mistari ya Kidacia katika jedwali ni sifuri na itabaki sifuri hadi mtu alete neno, si hisia.

24 Machi

Orodha ya B, mitego, imefika. "Am" ndiyo mbaya kuliko zote: Kiromania "am văzut" na Kiajemi "dide-am" zote ni "nimeona", na "am" imo pande zote. Lakini ya Kiromania ni kuwa na kitu, kutoka "habeo" ya Kilatini, na ya Kiajemi ni kuwa. Zinakutana kwenye kazi moja bila undugu. "Dar" ni zawadi au lakini kwa Mromania, mlango au ndani kwa Mwajemi. Na "măr" ni tufaha Bucharest, "mâr" ni nyoka Tehran. Mwenye kupenda hadithi ya bustani ya Edeni hapo ana pa kuanzia.

Bustani yenyewe imepata mstari. "Paradis" ya Kiromania na "pardis" ya Kiajemi zote zinarudi kwenye neno la kale la Kiirani la uga uliozungushiwa ukuta: ile ya Kiromania ilipitia kwa Wagiriki na Kilatini. Tawi lingine lilipita Kiarabu likatufikia kama Firdausi.

Wasomaji wa mwanzo wameomba safu ya Kiswahili, na wana haki. Bandari, serikali, nahodha, nanga, pamba, rangi, dirisha, karakana, bima, darubini: mizigo ya Kiajemi iliyotufikia kwa bahari, mingine moja kwa moja, mingine kupitia Waarabu na Wahindi. Kiromania kilipata yake kwa nchi kavu, kupitia kambi na masoko ya Waturuki. Ndiyo maana yao ni mapazia, mashuka na maua, na yetu yana chumvi. Nitaijaza kwa maneno yenye mwenzake Kiromania tu, yaani pilau, bakshishi, diwani na machache mengine, la sivyo jedwali litakuwa kamusi.

Kipande kilichobaki wazi ni vitenzi vya kuazima. "Simu" yetu ni "sim" ya Kiajemi, waya. Mswahili anapiga simu. Mwajemi naye, kwa "zang zadan", anapiga kengele. Mromania, kwa "a da un telefon", anatoa simu kama anayetoa zawadi. Kiajemi kina msururu wa "zadan", kupiga, kama Kiswahili kilivyo na msururu wa piga, na Kiromania kina "a da" na "a face", kutoa na kufanya. Rafiki wa Shiraz ameahidi orodha ya kwake kabla ya Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya wa Kiajemi, kuisha. Mistari hiyo itaingia ikiwa na M, na safu ya njia itabaki tupu mpaka niione orodha.